Kuchonga Colt ya 1873 kwa ajili ya jukwaa

Vijana wa maigizo wakija kibandani kwangu Kirumba kuagiza bastola ya mbao, kwanza nawauliza: mchezo wenu ni wa mwaka gani? Mchezo wa Marekani ya miaka ya 1870 unataka bastola aina ya Colt Single Action Army, iliyoanza kutoka kiwandani Hartford, Connecticut, mwaka 1873. Ukimpa mwigizaji bastola ya kisasa, ambayo silinda yake, ile pipa ndogo inayozunguka na kubeba risasi, hufungukia pembeni, umemharibia kabla hajafungua mdomo.

Anza na fremu, yaani mwili unaoshika silinda na mtutu. Chora ubavu wake kwenye kadibodi, kisha hamishia kwenye ubao wa paini. Usisahau kile kipande kinachopita juu ya silinda. Colt za zamani, kama ile ya 1851, zilikuwa wazi hapo juu na mtutu ulishikwa kwa kabari. Ya kwanza niliyochonga niliiacha wazi pia. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi akaigeuzageuza, akaweka kidole pale pale: "Mwanangu, hii itakatikia hapa." Bastola hajawahi kushika, lakini anajua mti unabebea wapi mzigo.

Silinda nakata kwenye mpini mnene wa jembe. Ya kweli ina kipenyo cha kama milimita 42, na urefu wake unakaribia huo huo. Chimba mifereji sita kwa tupa ya mviringo. Kwenye bastola halisi matundu sita yanapenya mpaka nyuma, risasi zikaingizwa kwa nyuma zikiwa na maganda yake. Kabla ya hapo Colt nyingi zilishindiliwa baruti na risasi kwa mbele, maana hataza (haki ya uvumbuzi) ya Rollin White ya silinda iliyopenya ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Smith & Wesson hadi 1869. Samuel Colt mwenyewe, mwanzilishi wa kiwanda, hakuiona bastola hii. Alifariki 1862, na umbo la bastola ni kazi ya William Mason na Charles Richards. Wewe usitoboe kitu, matundu yapake rangi nyeusi tu.

Mtutu ni mpini wa fagio. Askari wapanda farasi walipewa wa sentimita 19, lakini mimi nakata 14, urefu uliokuwepo pia, kwa sababu mwigizaji anauchomoa kiunoni bila kukwama.

Upande wa kulia ndiko wengi wanakosea. Nyuma ya silinda kuna kifuniko kidogo kama nusu ya sarafu, na chini ya mtutu, kwa kulia, kuna kibomba chenye kijiti ndani. Mpigaji alifungua kifuniko, akasukuma kijiti, ganda likadondoka. Akazungusha silinda, akatoa lingine. Moja moja mpaka yaishe. Kibomba hicho nakichonga kwa mwanzi mwembamba.

Nyundo ya bastola, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, itoke kwenye mninga, izunguke kwenye msumari, na nyuma yake weka utepe uliokatwa kwenye dumu ili ivutike na kutoa mlio. Mlio huo mwigizaji anauhitaji. Bastola hii haifyatuki kwa kidole cha kifyatulio peke yake: kila risasi lazima kwanza nyundo ivutwe kwa dole gumba. Sindano ya kufyatulia iko kwenye nyundo yenyewe, na nyundo ikigongwa risasi huweza kufyatuka, kwa hiyo watu waangalifu walijaza risasi tano na kuilaza nyundo juu ya tundu tupu.

Mshikio nao ni mninga, uliopinda kama ule wa 1851. Usiukate wima, na usiupake rangi; upitishe msasa laini, kisha mafuta ya alizeti kidogo kwa kitambaa.

Mtutu na silinda paka nyeusi yenye ubuluu. Fremu ya Colt ilikuwa na mabaka ya buluu, kijivu na kahawia, yaliyotokana na chuma kuchomwa ili kiwe kigumu juu. Paka kijivu, na kabla hakijakauka gusagusa buluu na kahawia kwa tambara.

Mdomo wa mtutu upake nyekundu, ijulikane si ya kweli. Kwenda na kurudi ukumbini, bastola ikae ndani ya mfuko, imeviringwa khanga, hata kama ni mwendo wa daladala moja.