Kufinyanga kikombe cha mguu kisichokatika shingoni

Wafinyanzi wanaoanza, wa huku Kisumu na wa Nakuru pia, hunitumia picha zinazofanana: kikombe kizuri, mguu mrefu, na ufa mwembamba umezunguka pale mguu unapokutana na bakuli, kama ushanga shingoni. Mwenyewe analaumu udongo au tanuri. Mara nyingi kosa lilikwisha fanyika mapema zaidi, siku ya kuunganisha, pale kipande kimoja kilipokuwa na unyevu kuliko kingine. Kwa hiyo mambo mengine nitayapitia mbiombio, na hapo nitakaa.

Kukanda udongo, kuuweka katikati ya gurudumu na kuinua ukuta sielezi. Kama hayo bado yanakusumbua, finyanga vikombe vya chai kwanza.

Kabla ya kugusa udongo

Muulize mteja kikombe ni cha nini. Cha hoteli au zawadi ya harusi, endelea. Cha kanisa, uliza zaidi. Kwa Wakatoliki, waraka wa Vatikani wa mwaka 2004 uitwao Redemptionis Sacramentum unakataza kutumia vyombo vya udongo na vya kioo kwenye Misa, kwa kuwa huvunjika upesi. Usipoongea na padri mapema, unaweza kurudishiwa oda nzima.

Mteja akikuletea kikombe cha mawe ya Kisii kutoka Tabaka na kusema "nataka hivi hivi", mkubalie umbo lakini usimkubalie wembamba wa mguu. Kile kimechongwa kutoka jiwe moja, hakina kiungo. Chako kitakuwa nacho. Mimi sishuki chini ya sentimita 2.5 pale pembamba zaidi, kikiwa kibichi.

Udongo na vipimo

Udongo wa mitungi inayochomwa kwa moto wa wazi, kama ile inayopangwa kando ya barabara pale Ilesi ukielekea Kakamega, huwa na mchanga mwingi, tena kwa makusudi: mchanga ndio unaousaidia kustahimili moto wa ghafla. Kwenye gurudumu mchanga huo utakuchubua vidole na kuchana ukuta mwembamba. Uloweke udongo mpaka uwe uji, uuchuje kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, uuache utuame, umwage maji ya juu, kisha uutandaze kwenye shuka kuukuu mpaka ukandike. Ukiuhifadhi wiki kadhaa kabla ya kuutumia, utavutika vizuri zaidi. Udongo mweusi wa Kano, ule unaofanya mianya wakati wa kiangazi, waachie wakulima wa mpunga wa Ahero. Unavyovimba ukilowa na kunywea ukikauka, hakuna kiungo kitakachoshika.

Pima unywefu wa udongo wako, yaani kiasi unachopungua ukikauka na kuchomwa. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kibao cha udongo mbichi, ukichome, upime tena. Ukipata sentimita 9, udongo umenywea asilimia 10, lakini umenywea hivyo kwa urefu, kwa upana na kwa kina, kwa hiyo ujazo umepungua kwa takriban asilimia 27. Kikombe kinachotakiwa kubeba mililita 200 lazima kibebe kama 275 kikiwa kibichi. Ndiyo sababu vikombe vya wanaoanza hutoka tanurini vikiwa vya watoto.

Zana: mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki kwa kukatia, sponji, spoku ya baiskeli, kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, na chuma cha kunyolea udongo. Hicho cha mwisho mpelekee fundi wa jua kali ukanda wa chuma wa kufungia mizigo, akukunjie kitanzi na kukitia mpini. Seti nzuri nzuri za mtandaoni hupoteza makali upesi na bei yake ni ya kitalii. Ongeza pimamaji ndogo ya fundi wa ujenzi.

Bakuli

Gramu 350 zinatosha. Fungua mpaka sakafu ibaki na unene wa milimita 10 hivi, kisha uigandamize kwa ncha za vidole kutoka pembeni kuja katikati na kurudi, mara kadhaa. Sakafu isiyogandamizwa hupasuka ufa wenye umbo la herufi S, na kwenye kikombe cha mguu ufa huo utatokea juu ya kiungo hasa. Inua ukuta ufikie milimita 4, zungusha mdomo uwe mviringo, kausha maji yaliyotuama ndani kwa sponji, kata, weka kwenye ubao. Mdomo ukishaweza kujishikilia, pindua bakuli lisimame kwa mdomo ili tako nalo lipate hewa.

Mguu

Ufinyange kichwa chini. Weka donge la kilo mbili au tatu kwenye gurudumu, usawazishe sehemu ya juu tu, kiasi cha gramu 200 kwa kukadiria, na ufanyie kazi hapo. Mdomo unaoufungua kwa juu ndio utakaokuwa kitako cha kikombe. Upande mwembamba wa chini, utakaokata kwa mshipi, ndio utakaokutana na bakuli. Kwa njia hii uwazi wa ndani unatokea kitakoni, na kichwa cha kiungo kinabaki na sentimita moja ya udongo usio na tundu. Kuna wanaofinyanga mguu kwa kusimama kawaida na kuuziba juu na chini. Hao wanafungia unyevu ndani, halafu wanashangaa tanuri likipiga mlio.

Inua mcheduara mnene kuliko unavyodhani unahitaji, kisha ukabe kwa mikono miwili, kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo. Kila ukikaba ukuta unanenepa, kwa hiyo inua tena kabla ya kukaba tena. Ukiona mikunjo inajisokota kwenye ukuta, aidha mikono imekauka au umekaba kwa pupa. Mwisho panua kitako. Upana wake usipungue theluthi mbili za upana wa mdomo wa bakuli, la sivyo kikombe kitaanguka mtu akikigusa kwa kiwiko.

Kwa kazi hii napenda gurudumu la kupiga kwa mguu kuliko la stima. Wakati wa kukata kwenye donge unataka mzunguko mmoja wa polepole kabisa, na mguu wako unajua polepole kuliko mota nyingi za bei nafuu.

Ukitaka vikombe sita, finyanga bakuli saba na miguu tisa. Miguu ndiyo inayoharibika.

Kuunganisha

Hapa tulia.

Vipande vyote viwili viwe nusu-kavu, tena nusu-kavu ya aina moja. Bonyeza kwa kidole: udongo usibonyee. Chora kwa kucha: alama ibaki, bila vumbi. Kisha gusisha kila kipande shavuni. Chenye maji zaidi ni baridi zaidi, na shavu litakuambia tofauti ambayo vidole vyenye tope havitaihisi. Rangi nayo itazame: udongo ukianza kupauka, umepita.

Shida ni kwamba vipande hivi havikauki kwa mwendo mmoja. Bakuli lina sakafu nene, linachelewa. Kitako cha mguu ni chembamba, kinawahi, ilhali kichwa cha mguu huo huo bado ni laini. Kwa hiyo mimi hufinyanga bakuli asubuhi na miguu alasiri, na miguu huingia chini ya ndoo mara kitako kinapoweza kujibeba. Huku Kisumu upepo wa ziwani wa mchana hukausha upande mmoja wa kila kitu, kwa hiyo geuza ubao mara kwa mara. Nakuru hewa ni kavu zaidi. Huko usiache chochote wazi ukaenda kula.

Nasema ndoo, si nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na hata kabla ya hapo haikuwa kifuniko kizuri: inagusa udongo, inatoa jasho, na jasho linadondoka mahali pamoja. Ndoo iliyopinduliwa haigusi kitu. Ukitaka unyevu wa ziada, weka kitambaa kibichi ndani yake, kando ya kazi.

Mguu ukiwahi kuliko bakuli, usiuchovye majini. Utalowa juu tu, ndani utabaki vile vile, na hapo umejiongezea tatizo. Uzungushie kitambaa chenye unyevu, uufunike kwa ndoo usiku kucha, upime tena asubuhi. Kama umeshapauka, urudishe kwenye debe la mabaki. Ndiyo maana ulifinyanga tisa.

Vikishalingana, weka bakuli kichwa chini katikati ya gurudumu, limekaa kwenye pete nene ya udongo ili mdomo usiumie. Nyoa tako mpaka sakafu ibaki milimita 5 au 6. Gonga kwa ukucha usikilize: mlio ukibadilika, umekaribia, acha. Usiliondoe bakuli. Ukiliondoa utalitafutia katikati upya, na mguu utakaa upande.

Gurudumu likizunguka, chora kwa spoku duara lenye upana wa kichwa cha mguu. Kwaruza ndani ya duara kwa kipande cha msumeno, mistari ya kupishana, yenye kina cha milimita 2. Fanya vivyo hivyo kwenye kichwa cha mguu. Paka uji mzito wa udongo ule ule, mzito kiasi cha kutodondoka kwenye kidole. Uji huo utengeneze kwa mabaki yaliyokauka kabisa, maana udongo mkavu hulainika haraka majini, lakini wenye unyevu nusu hubaki vidonge. Wengine hutia siki. Mimi pia hutia kifuniko kimoja cha chupa. Husaidia kushikanisha, ila haiokoi vipande visivyolingana unyevu, kwa hiyo usiitegemee.

Subiri dakika mbili uji uingie, kwaruza tena, paka tena. Bandika mguu, ubonyeze huku ukiusokota kidogo kulia na kushoto, mpaka uhisi umekataa kuzunguka. Hapo vimekamatana. Zungusha gurudumu polepole, shikilia kijiti karibu na kitako uone kama kinakigusa upande mmoja tu. Weka pimamaji juu ya kitako, halafu iweke kwa kukata msalaba. Una dakika chache za kurekebisha, baada ya hapo kila msukumo ni ufa wa baadaye.

Zungushia shingo ukamba mwembamba wa udongo na uusindilie kwa kijiti mpaka pembe iwe mviringo. Pembe kali ndipo mkazo unapokusanyika udongo ukinywea. Usilainishe kwa sponji lenye maji! Nimeona watu wakifanya hatua zote sawasawa, halafu wakamalizia kwa sponji tepetepe, maji yakatuama shingoni, na wiki iliyofuata ufa ukawa pale pale. Tumia kidole kilichopakwa uji kidogo, basi.

Kuna njia nyingine: kubandika udongo laini juu ya tako la bakuli na kuufinyanga mguu papo hapo. Inapendeza kuitazama, na wafinyanzi wazoefu huiweza. Lakini inaunganisha udongo laini na ulio nusu-kavu, yaani tatizo lile lile tunalolikimbia. Simfundishi mtu anayeanza.

Kukausha

Acha kikombe kichwa chini, chini ya ndoo, mpaka siku ya pili, kisha kihamishie juu ya gazeti, bado kichwa chini, ili mdomo uteleze unaponywea. Inua ndoo kidogo kidogo kila siku. Wiki moja ni sawa, mbili wakati wa mvua. Jua, hapana kabisa. Ufa ukitokea shingoni udongo ukiwa bado una unyevu, bandua mguu na uanze kuunganisha upya. Ukitokea udongo ukiwa mkavu, vunja. Ukiuziba kwa uji, tanuri litaufungua tena.

Kuchoma

Kinacholipua kikombe ni maji: yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kaa chini ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Shikilia kipande cha kioo baridi kwenye tundu la juu la tanuri. Kikifanya ukungu, bado kuna maji, usiongeze moto. Baada ya hapo panda taratibu, na uwe mpole zaidi karibu na nyuzi 573, kupanda na kushuka, kwa kuwa hapo chembe za kwatzi, madini ya mchanga yaliyo ndani ya udongo, hubadilika ukubwa ghafla. Ishia 950 hadi 1,000.

Glezi, yaani mpako unaogeuka kioo ukichomwa, isiwe na madini ya risasi kwenye chombo cha kunywea. Nunua iliyoandikwa kuwa ni salama kwa chakula, na usikubali ya unga usio na jina. Paka kitako nta ya mshumaa kabla ya kuchovya, vinginevyo kikombe kitagandamana na rafu. Choma tena kwa joto lililoandikwa kwenye glezi yenyewe.

Kikitoka, sugua kitako kwa jiwe la kunolea, jaza maji, kiache juu ya gazeti mpaka asubuhi. Gazeti likiwa kavu, kipeleke kwa mteja. Likilowa, kiuze kama cha maua makavu, na umwambie mnunuzi sababu.