Maleba ya mchezo wa Maji Maji kwa bajeti ndogo

Walimu wa klabu ya sanaa walinikabidhi Sh 150,000 na orodha ya waigizaji 14: askari watano wa Mjerumani, ofisa mmoja, wapiganaji sita na akina mama wawili. Mchezo ni wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kwa hela hiyo hushoni nguo mpya 14, na huna haja. Mtazamaji aliyekaa safu ya nne haoni mshono. Anaona umbo la mtu, rangi, na nguo ilivyochakaa. Huko ndiko pa kupeleka hela na nguvu zako.

Hatua ya 1: Anza na mchezo, soko baadaye

Soma mchezo wote ukiwa na kalamu. Kila mhusika muandikie: anatokea jukwaani mara ngapi, anaanguka, anacheza ngoma, anabadili nguo? Mimi niligundua kwamba wapiganaji wawili wanarudi baadaye wakiwa askari, kwa hiyo nguo zao za chini zikawa zilezile.

Kisha jua watu wale walivaa nini. Askari walivaa kaki, kichwani tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, miguuni vitambaa virefu vya buluu iliyoiva vilivyozungushwa hadi chini ya goti. Raia wengi walijifunga kaniki au marekani, ile pamba isiyopaukishwa iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa Zanzibar na meli za Marekani tangu karne ya 19. Tafadhali usimfunge mama wa 1905 kanga ya kampeni ya uchaguzi. Nimeona hivyo jukwaani, na watu wakaanza kuisoma kanga badala ya kumsikiliza mama.

Hatua ya 2: Mitumba, na kipimo cha uzi

Mimi huenda Karume, soko la mitumba la Dar es Salaam, jioni, wauzaji wanapotaka kufunga. Asubuhi kuna uchaguzi mzuri, jioni kuna bei nzuri, na maleba hayahitaji shati la kupendeza. Tafuta mashati meupe ya mikono mirefu, makubwa kidogo. Doa si tatizo, kola iliyoisha si tatizo.

Tatizo ni poliesta. Mwaka wa kwanza nilinunua mashati manane bila kuyapima, nikayapika kwenye rangi, yakatoka meupe kama yalivyoingia, na zilibaki siku tatu mchezo uonyeshwe. Niliumia sana. Tangu siku hiyo navuta uzi mmoja kwenye upindo, nauchoma kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kipunje kigumu. Kikibaki kipunje, rudisha shati.

Hatua ya 3: Kaki kwa majani ya chai

Fua mashati kwanza kwa sabuni ili mafuta na wanga vitoke. Chemsha maji lita 10, tia majani ya chai gramu 250, acha yachemke dakika 20, halafu chuja vizuri. Jani likibaki huacha doa. Tumbukiza mashati yakiwa bado mabichi, kwa sababu shati kavu hushika rangi kwa mabaka. Geuza kwa mwiko kila baada ya dakika chache kwa saa nzima, kisha yaache humo usiku kucha.

Asubuhi utaona rangi imekoza kupita ulivyotaka. Usiogope, ikikauka itapauka. Ikibaki ya wekundu, loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku mbili, chukua vijiko viwili vya maji yake, koroga kwenye ndoo ya maji na upitishe shati kwa dakika moja tu. Chai ikikutana na chuma hugeuka kijivu haraka, na ukizidisha, kitambaa kinaoza. Jaribu kwanza kwenye kipande. Suruali za kaki zenyewe ziko tele mtumbani, hizo usihangaike kupika.

Hatua ya 4: Tarbushi na miguu

Kata kadibodi laini sentimita 58 kwa 14. Ukingo wa juu ukate mipasuko midogo, ipandishane kidogo ili kofia ipungue kuelekea juu. Funga duara, bandika kifuniko. Gundi pika mwenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vitano vya maji, na chumvi kidogo isioze. Paka tabaka tatu za magazeti, anika kivulini siku mbili, kisha vika kitambaa cha kaki ukiache kining'inie nyuma kufunika shingo. Hiyo shingo ndiyo inayomfanya askari atambulike hata akigeuka.

Vitambaa vya miguu nilivipata kwenye shuka kuukuu la buluu. Usikate kwa mkasi. Chana kwa mkono, pamba inafuata uzi na inanyooka yenyewe. Upana sentimita 10, urefu mita mbili na nusu.

Hatua ya 5: Wapiganaji

Kaniki kiunoni, ndani kaptula nyeusi yenye lastiki, na fundo lishikwe kwa bandi chache za uzi. Mtoto wa watu asipigane huku ameshika nguo. Kichwani wapiganaji walijifunga mabua ya mtama, ila bua kavu linavunjika, kwa hiyo nasuka ukindu uliolowekwa maji saa moja.

Nguo mpya zichakaze: sugua magoti na viwiko kwa jiwe, pangusa udongo mwekundu uliolowana, kung'uta.

Hatua ya 6: Mazoezi na mavazi

Fanya mara mbili, taa zikiwa zimewaka. Keti safu ya mwisho, andika kila unachoona kinadondoka. Nyuma ya jukwaa weka pini, sindano mbili zilizokwisha kutiwa uzi na kofia moja ya ziada.

Baada ya onyesho fua kwa maji baridi, anika kivulini, na kila nguo iandikwe jina la mhusika, si la mwanafunzi. Mwakani mwanafunzi atakuwa amemaliza shule, na askari atahitajika tena.