Fimbo mbele ya mzigo mrefu

Ukisafirisha ekskaveta au transfoma kwa lobedi (trela ya chini ya kubebea mitambo) kutoka bandarini Dar kupitia Barabara ya Mandela, funga bomba la plastiki wima kwenye bampa ya mbele ya gari la eskoti, lile linalotangulia lori. Ncha yake ipite kimo cha mzigo kwa sentimita 15 hivi. Kimo hicho pima kutoka ardhini, minyororo ikishakazwa na matairi yakishajazwa upepo. Usijumlishe tu kimo cha trela na cha mzigo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Eskoti itangulie kwa umbali unaompa dereva nafasi ya kusimama. Bomba likigusa waya au boriti, utingo aliye kwenye eskoti anapiga redio na lori linasimama kabla ya kufika hapo. Hizo sentimita za ziada zina kazi: waya hulegea jua likiwaka, na njia iliyopitika alfajiri inaweza kukataa saa nane mchana.

Bomba linapodanganya:
1. Eskoti ikikimbia, upepo unalaza bomba na kimo kinapungua. Chini ya daraja kama la Tazara, nenda mwendo wa kutembea.
2. Barabara ikibonyea chini ya daraja. Gari dogo linashuka bondeni, lakini trela ndefu inakanyaga kingo zote mbili na tumbo la mzigo linabaki juu. Hapo shuka upime kwa futi ya kamba.
3. Umeme mkubwa unaruka bila kuguswa, kwa hiyo bomba halikuhakikishii chochote. Waite TANESCO, shirika la umeme, mapema.

Na bomba lisiwe la chuma, tafadhali.