Vile viepo vidogo vikali mnavyovikanyaga njiani, pikeni sharubati

Wadau mlioko majuu, kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 11 hivi, majani yakianza kugeuka rangi, tembea mtaani uangalie chini. Utakuta viepo vidogo vimetapakaa, vingine saizi ya gololi vingine vinakaribia ndimu, vyekundu, vya njano, vingine rangi zote mbili, na watu wanavikanyaga tu wanapita. Hayo ni matufaha mwitu, ukiwa nchi ya Kiingereza ukisema krabu epo wanakuelewa mara moja. Miti mingi ya mitaani ilipandwa kwa ajili ya maua tu, matunda hakuna anayeyachuma, yanaozea hapo hapo. Mi mwaka wa kwanza nilijua ni sumu kabisa maana nilimuona mtu mzima ameng'ata moja akatema akapangusa hadi ulimi.

Sio sumu, ni ukali tu. Yana asidi nyingi na tanini nyingi, ndo maana ukiling'ata mdomo unakauka, ule ukakasi. Ila huo ukali ndo dili lenyewe, kwa sababu ukipika na sukari unapata kinywaji chenye ladha kuliko juisi ya epo za kawaida, zile ukizipika zinapoteza ladha zinabaki utamu mtupu.

Kwanza hakikisha ni lenyewe. Epo, hata liwe dogo vipi, lina kikonyo kirefu juu na chini mara nyingi lina kishina kikavu cha ua, na ukilikata katikati kwa upana unaona nyota ya vyumba vyenye mbegu, kwa kawaida vitano. Ukikuta kokwa moja ngumu ndani hilo ni tunda lingine. Kuna mti una majani membamba kama sindano na vitunda vyekundu laini vyenye tundu mbele mbegu inaonekana ndani, huo unaitwa yuu, mbegu zake na majani yake zinaua, usiguse. Na mliopo Florida kusini au visiwa vya Karibiani, kule pwani kuna mti una vitunda vya kijani vinavyofanana kabisa na epo ndogo, unaitwa manchineel, utomvu wake mweupe unababua ngozi, hata kujikinga mvua chini yake ni hatari. Kwa hiyo ukiwa ufukweni huko sahau habari ya kuokota epo. Kama bado una wasiwasi na mti wako muulize mtu anayejua miti, usionje onje kujaribu bahati.

Halafu ruhusa. Kila nchi na yake. England na Wales sheria ya wizi ya mwaka 1968 inasema kuchuma matunda yanayoota yenyewe porini sio wizi alimradi huyauzi, Sweden kuna ile haki ya kila mtu kutembea porini na kuchuma matunda, lakini bustani ya mtu ni ya mtu, na mti uliopandwa na manispaa au ulio kwenye hifadhi unaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo soma kibao au uliza. Mti ukiwa kwa jirani gonga mlango, wengi watakushukuru maana wanachoka kufagia. Na usikombe wote, ndege wanayategemea baridi ikikaza.

Chuma mtini, usizoe ya chini. Najua ya chini ni rahisi, lakini mbwa wanapita hapo, na tunda likishapasuka likiota ukungu linaweza kuwa na sumu inaitwa patulini ambayo kupika hakuiondoi vizuri. Barabara kubwa ya magari nayo iruke. Kujua yameiva kata moja, mbegu zikiwa kahawia tayari, zikiwa nyeupe subiri. Ukiyaacha hadi baridi ya kwanza ya barafu iyapige yanapungua ukali kidogo, mi sisubirigi, nikisubiri nakuta ndege wameshamaliza.

Haya jikoni. Kilo 2 zinatosha kuanzia. Osha, toa vikonyo na majani, yaliyooza tupa, makubwa kata vipande viwili, madogo acha mazima, usihangaike kumenya wala kutoa mbegu. Ila USITIE BLENDA. Mbegu za epo zina kitu ambacho zikisagwa kinatoa sayanidi, zikiwa nzima unazichuja zinatoka zote basi. Sufuria iwe ya stenlesi au enameli, ile ya alumini inagombana na asidi kinywaji kinakuwa na ladha ya chuma. Maji yafunike matunda tu, kama lita 2 hivi, yakichemka punguza moto, yatokote taratibu dakika 30 mpaka 40 hadi yapasuke yawe rojo, uyasukume na mwiko mara moja moja.

Sasa kuchuja, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Chukua kitambaa cha melimeli au foronya safi ya pamba uliyoichemsha, mimina rojo, funga, ning'iniza juu ya bakuli kubwa, mi naninginiza kwenye miguu ya kiti nilichokigeuza juu chini, halafu ondoka. Kalale. Usikamue! Ukikamua unapata zaidi kidogo ndio lakini inatoka na matope, kinywaji hakiwi angavu tena. Ukiacha idondoke yenyewe usiku kucha asubuhi unakuta maji ya pinki au rangi ya kaharabu, maangavu unaona hadi chini ya bakuli, yani raha kuangalia tu. Kilo 2 zinanipa kama lita moja na nusu, inategemea matunda yalikuwa na maji kiasi gani.

Pima ulichopata, rudisha sufuria safi, kila lita moja tia sukari gramu 500, anza na 400 uonje kama unapenda mkali. Pasha huku unakoroga sukari iyeyuke, ikianza kutoa mvuke na vipovu pembeni zima. Usiache ichemke. Haya matunda yana pektini nyingi ajabu, ndo hiyo inayogandisha jemu, sasa ukichemsha na sukari ikafika nyuzi kama 105 hivi inaganda. Mi mara ya kwanza niliweka jikoni nikaenda kupokea simu, simu yenyewe ya umbea, nikajaza chupa nikaona mambo safi, kesho yake nageuza chupa haitoki kitu. Nilikuwa nimetengeneza jeli, chupa tatu, tukawa tunaichokonoa na kijiti cha mishikaki kupaka kwenye mkate wiki nzima.

Chupa ziwe za glasi, zioshe, ziweke kwenye oveni nyuzi 120 dakika 15, mimina kinywaji kikiwa moto na chupa bado moto, la sivyo zinapasuka. Funika. Ikipoa friji, tumia ndani ya wiki 2 au 3. Ukitaka ikae miezi mimina kwenye chupa za plastiki ikishapoa uweke friza, acha nafasi juu maana inatanuka. Msiiache kabatini mkidhani sukari itailinda, hiyo sukari ni ndogo, itachacha, na chupa iliyofungwa ikichacha inaweza kupasuka usiku mkadhani mmevamiwa. Ukifungua ikatoa gesi au povu ambalo hukuliweka, mwaga.

Kunywa changanya sehemu moja kwa maji sehemu 4 au 5. Ya baridi na soda ya maji ni nzuri, lakini mi naipenda ya moto kile kipindi saa 10 jioni kumeshakuwa giza, maji yanayochemka, kipande cha tangawizi kilichopondwa, mdalasini, basi.

Na yale machicha kwenye foronya usitupe haraka. Yasukume na mwiko kwenye chujio la waya, mbegu na maganda yanabaki juu, chini unapata uji mzito, upike na sukari kidogo mpaka ukaze. Mkali huo, ukiula anza na kijiko kidogo.