Somo: kupiga CT (picha za vipande kwa eksirei) ya vena za ubongo (soma kabla ya kuniuliza)

Kila wiki wenzangu wa hapa Kisumu na Siaya huniuliza swali lile lile: baada ya kuchoma dawa, tunasubiri sekunde ngapi kabla ya kupiga? Naliandika mara moja.

1. Uliza kuhusu ujauzito, mzio na figo.

2. Kanula (mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa) ya kijani, mkono wa kulia ukipatikana.

3. Piga kwanza bila dawa (ile ya kung'arisha mishipa kwenye picha).

4. Kusubiri. Hapa ndipo nilipokosea. Mama aliyejifungua wiki mbili kabla alikuja na kichwa kikimwuma vibaya. Nikatumia mpangilio wa mashine wa kupiga ateri, nikapiga sekunde ya 20. Dawa ilikuwa bado iko kwenye ateri. Sainasi (mfereji mkubwa wa vena za ubongo) ya juu, ile inayofuata utosi kwenda kisogoni, ilijaa nusu, ikaonekana kama ina bonge la damu. Akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Tuliporudia kwa sekunde ya 45, vena zilikuwa safi kabisa. Alichomwa sindano ambazo hakuzihitaji, kwa sababu yangu. Kwa hiyo: mililita 80, kasi ya mililita 4 kwa sekunde, subiri sekunde 40 hadi 45. Mwenye moyo dhaifu, ongeza muda wa kusubiri. USITUMIE mpangilio wa ateri.

5. Anzia pingili ya kwanza ya shingo hadi utosini, vipande vyembamba.

MASWALI

– Mkubwa, tunasubiri sekunde ngapi?
Hatua ya 4.

– Si ungejibu tu?
Nimejibu, na nimeeleza ni kwa nini. Soma.

– Sainasi ya pembeni kushoto ni nyembamba kuliko ya kulia. Ni bonge?
Swali zuri sana, dadangu. Kwa watu wengi ya kulia ndiyo kubwa. Fungua dirisha la mfupa (mwonekano wa picha unaoonyesha mifupa vizuri), utazame tundu ambamo vena ya shingo hutokea chini ya fuvu. Likiwa dogo upande huo huo, yaelekea alizaliwa hivyo. Bonge halipunguzi mfupa.

– Huku kwetu watoto wa selimundu ni wengi. Kuna tahadhari?
Ipo. Wako kwenye hatari zaidi ya bonge, basi wasikae na kiu wakingoja foleni. Halafu, kwenye picha isiyo na dawa, damu pungufu hufifiza sainasi, na damu nzito ya aliyeishiwa maji huing'arisha bila bonge lolote. Linganisha na ateri: zikiwa zinang'aa vilevile, ni damu yenyewe.

– Na dawa ikiwa baridi?
Ipashe hadi joto la mwili. Hupita kwenye kanula kwa urahisi.