Mama akisema maziwa hayatoshi: hatua za kumsaidia anayenyonyesha

Mama mwenye mtoto wa wiki tatu akikaa mbele yako kliniki na kusema "maziwa hayatoki", usimjibu bado. Kauli hiyo ina mengi ndani yake. Pengine mtoto analia jioni, pengine titi limelainika, jambo la kawaida baada ya wiki za mwanzo, au mama mkwe amesema mtoto hashibi. Ukikimbilia "kunywa uji, nyonyesha mara kwa mara", atajibu "sawa" na kwenda zake, na wiki ijayo mtoto atakuwa anapewa uji.

Kaa naye benchi moja, meza isiwe kati yenu, kalamu na simu viwe pembeni. Uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: "Mama, tangu jana jioni hadi leo asubuhi mtoto alinyonyaje?" Swali la "unanyonyesha vizuri?" lina hukumu ndani yake, na hakuna mama atakayejibu kwamba ananyonyesha vibaya. Akishaeleza, mrudishie kwa maneno yako: "Anaamka sana usiku, nawe umechoka." Kisha nyamaza. Jambo zito mara nyingi hutoka baada ya ukimya huo. Kama anajieleza vyema zaidi kwa Kinyamwezi au Kisukuma, mwache aseme hivyo na umwite mhudumu anayeelewa. Mkalimani asiwe mume wala mama mkwe, maana hapo hataweza kusema yaliyo ya siri.

Sasa mwombe anyonyeshe, na ukae hapo mpaka mtoto aachie titi mwenyewe. Kama una dakika 20 tu za kumpa mama huyu, nyingi zitumie hapa. Wahudumu wengi huruka hatua hii kwa sababu foleni ya kliniki ni ndefu, na ndiyo maana mama yuleyule hurudi mara tatu na tatizo lilelile.

Tazama kwanza mkao. Kichwa na mwili wa mtoto viwe kwenye mstari mmoja, shingo isipinde. Awe amelielekea titi, tumbo lake limegusana na la mama, na mwili wote umeshikiliwa, si kichwa peke yake. Kisha tazama mdomo: umefunguka sana, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, kidevu kinagusa titi, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Anayenyonya vizuri huvuta taratibu na kwa kina, husimama kidogo, akaendelea, na utasikia akimeza. Mashavu yakibonyea ndani au ukisikia mlio kama wa kubusu, ameshika chuchu tu.

Kushika chuchu tu ndicho chanzo cha matatizo mengi. Ulimi huisugua chuchu kwenye kaakaa, chuchu huchubuka, mama huogopa kunyonyesha, na maziwa hubaki ndani. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza utengenezaji. Mtoto hulia kwa njaa, na nyumbani wanahitimisha kwamba mama hana maziwa.

Kurekebisha, usimshike titi wala usikisukume kichwa cha mtoto. Ukikisukuma kisogo atajivuta nyuma. Tumia mwanasesere, au kitenge ulichokiviringisha, uonyeshe huku mama akifanya kwa mikono yake. Aegemee vizuri, pua ya mtoto iwe mkabala na chuchu, aguse mdomo wa juu wa mtoto kwa chuchu na kusubiri. Mdomo ukifunguka kama wa mtu anayepiga miayo, amsogeze mtoto haraka kwenye titi, kidevu kitangulie, mkono wake ukishika mabega na shingo. Maumivu yakiendelea baada ya mivuto michache ya kwanza, aingize kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo ili mtoto aachie, kisha aanze upya. Kumvuta tu kunaongeza mchubuko.

Je, maziwa kweli hayatoshi? Pima. Baada ya siku ya tano mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe. Uzito unaweza kushuka siku za kwanza hadi kama asilimia 10, lakini uwe umerudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Baada ya hapo, katika miezi ya mwanzo, tegemea ongezeko la gramu 500 au zaidi kwa mwezi. Mpime bila nguo, kwa mzani uleule. Kwenye mzani wa kuning'iniza, ning'iniza kwanza suruali ya kupimia ikiwa tupu na urudishe mshale sifuri. Ukisahau, siku moja mtoto "ameongezeka" na siku nyingine "amepungua", na mama anapewa ushauri usiomhusu.

Uzito ukiwa chini kweli, rekebisha unyonyaji, kisha ongeza mara za kunyonya zifike 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, maana ndipo homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi. Mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi, apewe matiti yote mawili, na maji na uji viachwe. Kuhusu chakula, mweleze mama ukweli: anahitaji kula zaidi, kama mlo mmoja wa ziada kwa siku, na ugali na maharage, karanga, mlenda au dagaa vinatosha. Hakuna uji wala mchuzi maalumu unaoleta maziwa. Kinachoyaleta ni mtoto kunyonya na titi kutolewa maziwa.

Joto la Oktoba huwafanya wengi wampe mtoto maji. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, hivyo kiu ya mtoto wa chini ya miezi 6 inamalizwa na titi, na kumpa maji hujaza tumbo na kumletea vimelea. Tabora ni mkoa wa asali, kwa hiyo iulizie waziwazi. Usimpe asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kidogo kulambishwa, hata iliyochemshwa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia, na kuchemsha jikoni hakuziui.

Kwa mama wa Urambo, Kaliua na Sikonge, ulizia na tumbaku. Nikotini, sumu iliyo kwenye tumbaku, ya majani mabichi, hasa yenye unyevu, hupenya ngozi ya mvunaji, na nikotini hupita kwenye maziwa. Ushauri si kuacha kunyonyesha. Avae nguo ya mikono mirefu shambani, aoge au anawe hadi viwiko na abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na mtoto asilazwe karibu na bani, yaani banda la kukaushia tumbaku.

Mama anayeishi na VVU azungumziwe faraghani. Ampe mtoto maziwa yake pekee miezi 6 huku akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, mtoto apewe dawa ya kinga aliyoandikiwa na apimwe VVU akiwa na wiki 6. Kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine kabla ya miezi 6 huongeza hatari ya maambukizi.

Titi likiwa jekundu, gumu na lenye moto, aendelee kunyonyesha, upande huo pia, maana mara nyingi tatizo huanza na maziwa yaliyokwama. Kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kunyonyesha, cha baridi baadaye. Akiwa na homa, au hali isipobadilika ndani ya saa 24, anahitaji daktari na antibiotiki. Uvimbe unaobonyea kama una maji ndani unaweza kuwa jipu.

Mtoto mchanga asiyenyonya kabisa, aliyelegea, anayedegedeka, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye joto la 37.5 na zaidi au chini ya 35.5, au aliye na manjano viganjani na nyayoni, usibaki naye ukifundisha mkao. Mpe rufaa mara moja, akiwa kifuani kwa mama.

Kabla hajaondoka, msifu kwa jambo moja la kweli alilofanya, kisha mkubaliane mambo mawili tu, si saba. Kama mama mkwe au bibi amekuja naye, mkaribishe ndani mama akiridhia: "Shikamoo bibi, tunakuhitaji kwenye hili." Muonyeshe kadi na jinsi mtoto anavyomeza, maana nyumbani yeye ndiye atakayeamua kama uji unapikwa. Andika tarehe ya kurudi: siku 2 kama mshiko ulikuwa mbaya au uzito haujapanda. Akirudi, mwombe anyonyeshe tena mbele yako kabla hujamuuliza anaendeleaje.