Usiku bafle (spika) ya kushoto inanyamaza: tazama volimu kwanza

Hapa Kadutu, Bukavu, wateja hunipakulia ampli mezani na neno lilelile: "Fundi, bafle ya kushoto inakufa usiku." Usiku, maana ndipo mtu anapopunguza sauti watoto walale. Ukiongeza, pande zote zinarudi sawa. Dalili hiyo mara nyingi ni ya potensiometa ya volimu, yaani kile kifaa unachozungusha kupandisha na kushusha sauti. (Ikikwaruza unapozungusha, huo ni uchafu, safisha kwa spirei ya elektroniki, ni ugonjwa mwingine.)

Hatua ya 1. Zima ampli, badilishana nyaya za bafle. Washa, sauti iwe chini. Udhaifu ukihamia bafle nyingine, bafle zote ni nzima. Zirudishe, kisha badilishana nyaya zinazoleta muziki kutoka kwenye simu. Udhaifu ukibaki palepale, simu nayo haina kosa: tatizo liko ndani ya ampli.

Hatua ya 2. Chomoa umeme, ngoja kapasita (vihifadhi vya umeme) ziishiwe, kisha itoe potensiometa kwenye saketi. Ukiipima ikiwa bado imelehemiwa, mita itakudanganya. Ndani kuna potensiometa mbili kwenye mhimili mmoja. Pima kila moja mwisho hadi mwisho. Ukikuta kiloomu (maelfu ya omu, kipimo cha ukinzani) 45 na 55 usishtuke: viwanda vingi huruhusu asilimia 20, na hilo peke yake halipindishi sauti. Kinachohesabika ni mguu wa kati hadi mguu unaokwenda ardhi (njia ya pamoja ya saketi), ukigawanya kwa jumla ya upande huohuo.

Zungusha karibu na chini kabisa upime tena. Potensiometa yenye jumla zinazolingana ikionyesha omu 500 huku na 700 kule, hiyo ni tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 hivi, na sikio linaidaka. Juu, 40,000 kwa 40,700, ni desibeli 0.15 tu. Nani atasikia?

Hatua ya 3. Kununua nyingine ya aina ileile ni kucheza bahati nasibu. Mimi huongeza rezista mbili kila upande, kabla ya potensiometa: kiloomu 6.8 kwenye njia ya sauti, halafu 3.3 kwenda ardhi. Kwa potensiometa ya kiloomu 50, sauti inashuka desibeli 10, basi mtu anazungusha zaidi na kufika pale pande mbili zinapopatana. Nunua rezista kumi kumi, zipime, chagua zinazofanana. Vinginevyo utaurudisha upogo kwa mkono wako mwenyewe.

Anayechezesha harusi na kutumia ampli mpaka mwisho, usimwekee. Atarudi kesho yake kudai nguvu zake.